Nusu Jina

Jumatatu asubuhi, saa kumi na mbili na dakika ishirini, Hatsue Orito alikuwa anakata figili ya supu redio ilipotangaza kwamba serikali imeanguka. Hakuacha kukata. Mumewe, Eikichi, alikuwa hali kitu kabla ya kwenda kusafishwa damu isipokuwa supu, tena supu isiyo na chumvi, ambayo kwa maoni ya Eikichi haikuwa supu bali maji yaliyopata ajali.

Redio ilisema chama kilichotawala tangu Hatsue hajaolewa kimeshindwa kwa kiti kimoja. Wachambuzi wanne walikuwa studioni, hawajalala, na hakuna aliyeyaamini matokeo, ingawa kila mmoja alidai aliona dalili tangu mwanzo. Kiti chenyewe kilikuwa cha jimbo lao la milimani. Mzee Nunokawa Sadatsugu, aliyekuwa mbunge kwa miaka thelathini na moja, alikuwa ameangushwa na mtu wa mjini asiye hata ndugu yake, Nunokawa Ryosei, wa chama kipya cha Japani Nyepesi.

"Baba," Hatsue aliita. "Nunokawa kashindwa."

"Nunokawa yupi?" Eikichi aliuliza kutoka chooni.

Hapo Hatsue aliacha kukata. Swali lilikuwa zuri sana. Kasoro yake ni kwamba lilikuwa limechelewa siku moja.

"Wetu."

"Na kituo?"

"Sijui. Njoo unywe supu yako."

Kituo cha afya cha bonde la Kamiusu kilikuwa na mashine nane za kusafisha damu, na Eikichi alilazwa kwenye mashine ya tatu kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Figo zake zilikuwa zimeacha kazi miaka sita iliyopita bila kutoa notisi. Mashine zile aliziletesha Nunokawa mzee, ambaye bungeni alisinzia sana lakini hakuwahi kukosa mazishi. Nunokawa mdogo naye alikuwa ameandika kwenye mabango yake kwamba vituo vidogo ni mzigo, vifungwe, wagonjwa wafuate hospitali kubwa mjini. Mjini ni saa mbili na dakika kumi kwa gari kupitia mlimani, theluji ikiruhusu. Bila mashine Eikichi angeishi wiki moja, pengine siku kumi. Wote wawili walilijua hilo na hawakulizungumza mezani.

Hatsue aliuona mstari alipokwenda kuoga. Ulimzunguka mwili mzima chini ya mbavu, wa rangi ya kijivu, mwembamba, ulionyooka. Aliposhusha mikono akaona umeikata yote miwili, juu kidogo ya viwiko. Ulikuwa mstari wa penseli. Aliusugua kwa sabuni, ukabaki. Alikwenda kwenye mtoto wa meza akachukua raba ya kufutia, akafuta mpaka raba ikaisha na ngozi ikawasha, ukabaki. Akavaa nguo, maana saa tatu walitakiwa kituoni.

"Na mimi ninao," Eikichi alisema alipomwambia. Alipandisha fulana. Mstari wake ulipita katikati ya figo. "Wamezigawa. Wangeniuliza ningewaambia hazifanyi kazi, wachukue zote."

Ndani ya gari ndipo mambo yalipoeleweka. Pale njia panda, kushoto ni kituoni na kulia ni mjini. Hatsue alitaka kushoto. Mikono yake ikakata kulia. Mguu ukakanyaga mafuta vizuri, bila papara, na kigari kikashika njia ya mlimani.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Siendi mimi. Inakwenda hii."

Eikichi aliitazama mikono ya mkewe juu ya usukani. Ilikuwa imetulia, inaendesha vizuri kuliko siku zote. Waliongozana nayo kilomita tatu. Mwishowe Hatsue akaanza kuibembeleza kama anavyobembeleza paka wa jirani. "Jamani, leo tu. Kituo hakijafungwa bado. Mkitaka kukifunga kifungeni, lakini leo kiko wazi." Mikono ikafikiri mpaka daraja la pili. Ilikuwa mikono ya kistaarabu na yenye kufuata sheria. Ikageuza gari.

Kituoni walikuta wagonjwa saba wameketi, mikono ya kushoto nyuma ya mgongo. Muuguzi Sonoda alikuwa anazunguka na sindano, uso umemwiva. Sonoda alitoka Osaka, alihamia Kamiusu miaka minane iliyopita, na bado watu walisema hajafundishika: alicheka kwa sauti, aliingia nyumba za watu na kuketi kabla ya kukaribishwa, na wazee aliwaita kwa majina yao ya kuzaliwa. Hakuwa na mstari wowote.

"Wewe Eikichi, lete mkono."

Eikichi aliutoa mkono kwa bega, ukarudi wenyewe kwa kiwiko. Aliutoa tena. Ukarudi, ukajificha chini ya paja.

"Umehamia upinzani," Eikichi alisema.

"Upinzani ni sisi sasa," Hatsue alimkumbusha.

Sonoda aliweka sindano kwenye trei, akashika kiuno. "We mkono, nisikilize! Huyo mbunge wako kaapishwa? Hajaapishwa! Mpaka aapishwe hapa ni kituo cha afya na mimi ndiye muuguzi. Haya, toka huko!" Mkono ulitoka chini ya paja, ukajilaza juu ya mto na kukunjua kiganja. Sindano ikaingia. Sonoda akaenda mashine ya nne kutoa hotuba ileile.

Jumanne, karani wa halmashauri, Bwana Inokuma, alipita nyumba hadi nyumba na utepe wa kupimia wa fundi cherehani. Alikuwa mtu wa miaka hamsini aliyezaliwa palepale bondeni, na alivua viatu mlangoni kwa utaratibu wake wa siku zote, isipokuwa safari hii mikono yake ilivipanga pua kuelekea mjini. Alimpima Hatsue kutoka unyayoni hadi utosini, kisha kutoka unyayoni hadi kwenye mstari.

"Mita moja na sentimita arobaini na tisa. Mstari, tisini na tano na nusu. Sawasawa kabisa, mama."

"Sawasawa na nini?"

Inokuma alikunywa chai kwanza. Kazi ya kueleza aliichukia, na siku hiyo alikuwa ameshaeleza nyumba kumi na nne.

Kura ya huku huandikwa. Mtu huingia kituturini, hushika penseli, huandika jina la anayemtaka. Wakiwapo wagombea wawili wa ukoo mmoja, na mpiga kura akaandika jina la ukoo peke yake, kura haitupwi. Hugawanywa kati ya wote wawili, kwa kadiri ya kura walizopata zenye jina zima. Nunokawa mdogo alipata za jina zima nyingi sana mjini. Kwa hiyo kila kura iliyoandikwa "Nunokawa" tu ilimpa yeye sehemu mia sita arobaini na moja kati ya elfu, na mzee akapewa zilizobaki; na mwili wa aliyeandika ukagawanywa vivyo hivyo, kuanzia unyayoni.

"Na sisi bondeni..." Inokuma alianza.

"Usiniambie sisi bondeni tumeandika nini," Hatsue alisema.

Kamiusu hakuna anayemwandika mzee jina lake la kuzaliwa. Jina hilo ni la mamake na la mkewe. Mara ya kwanza Hatsue kupiga kura, akiwa bibi harusi wa miezi minne, mama mkwe alimsindikiza mpaka mlangoni pa shule akamwambia, "Andika Nunokawa, basi. Huyo Sadatsugu ni mwenzako?" Tangu hapo aliandika hivyo, na kwa miaka thelathini na moja haikudhuru kitu, maana Nunokawa alikuwa mmoja. Safari hii majina yote mazima yalibandikwa kituturini mbele ya macho yao, kwa herufi kubwa. Wazee waliyasoma, wakaona haya, wakaandika nusu.

"Mimi niliandika 'Mheshimiwa Nunokawa'," Eikichi alisema. "Nilizidisha na mheshimiwa."

"Wengi walizidisha, mzee. Tume imetoa ufafanuzi." Inokuma alifungua karatasi akasoma. "Heshima imekubaliwa, lakini haihesabiki."

"Na kama kura zote za Nunokawa tu, za jimbo zima, zingekuwa za mzee wetu?" Hatsue aliuliza.

"Angeshinda kwa kura mia tano na ushee."

Hatsue aliona hasira inampanda, ikafika kifuani, na hapo ndipo alipogundua kwamba hasira ilikuwa inatoka kwenye mstari kwenda juu tu. Tumbo lilikuwa limetulia. Miguu ilikuwa imekunjwa chini yake kwa raha zake.

"Inaunganishwa tena?" aliuliza.

"Kura ikishagawanywa haiunganishwi, mama. Tafadhali weka sahihi hapa kwamba umepimwa." Mkono wa Hatsue ulikuwa umeshaweka.

Siku zilikwenda na watu wakazoea. Gari la shukrani la Nunokawa mdogo lilipopita na vipaza sauti, wazee waliokuwa wameketi walijikuta wamesimama, midomo inatukana. Usiku kila mtu alilala miguu ikielekea mjini, hata ikibidi kichwa kiingie kabatini. Hatsue alijaribu kumwandikia waziri barua ya kuombea kituo. Aliifikiria sentensi nzima, akaitamka kwa sauti, na mkono ukaandika kwa mwandiko mzuri kuliko wake wa kawaida: *Hongera kwa ushindi.* Alijaribu mara sita. Mara ya saba akaukung'uta ule mkono ukutani, ukauma, na maumivu hayo ajabu yakawa yake yeye.

Nunokawa mdogo aliapishwa. Tangu siku hiyo mkono wa Eikichi haukusikia hotuba ya mtu, ikabidi Sonoda aufunge kwenye mbavu za kitanda kwa taulo mbili. Kila mara Hatsue aliketi kando, amegeuzia uso dirishani, maana mikono yake mwenyewe ilikuwa inajaribu kufungua mafundo.

Katikati ya Novemba mbunge mpya alikuja mwenyewe, kwenye ukumbi wa bonde. Alikuwa na miaka thelathini na minane, koti la mvua, na kikohozi ambacho alikitafunia peremende za dawa. Hakuwa mtu mbaya. Alivua viatu, aliinama mpaka chini, alimuuliza kila mzee habari za miguu yake. Hatsue angependelea awe mtu mbaya, ingempunguzia uchovu. Ukumbi mzima ulipiga makofi kwa muda mrefu. Juu ya makofi yale palikuwa na nyuso mia mbili zilizonuna.

Baada ya hotuba alipita akishikana mikono na watu. Alipofika kwa Hatsue, mikono yake yote miwili ilimdaka.

"Mheshimiwa," Hatsue alisema, "mume wangu ndiye yule pale wa kofia ya sufi. Yuko mashine ya tatu. Ukikifunga kituo atakufa. Nakwambia mchana kweupe, usije ukasema hukuambiwa."

"Mama, hospitali ya mjini ina mashine arobaini. Mpya zote."

"Na mlima?"

"Tutaweka basi."

"Linapaa?"

Vichwa vilicheka ukumbi mzima. Mbunge naye akacheka kidogo, akakohoa. Alionekana hajalala vizuri tangu Oktoba.

"Mama, mimi siwezi kufanya kinyume cha wananchi walichoamua. Hapa bondeni mmenipa kura nyingi kuliko mtu yeyote. Nimeziona hesabu. Mlinichagua."

"Mimi sikukuchagua."

Aliinamisha macho, akaitazama mikono yao. Hatsue akaitazama pia. Mikono yake ilikuwa imeufunika mkono wa mbunge kwa upole, na dole gumba lake la kulia lilikuwa linaupapasa taratibu, juu na chini, kama lilivyokuwa likimpapasa Eikichi usiku wa homa. Alivuta. Haikuachia. Alivuta kwa mabega, kwa shingo, mpaka mishipa ikamtoka, na machozi ya hasira yakamdondokea kifuani.

"Mama Orito," mbunge alisema polepole, "unanishika wewe."

Sonoda ndiye aliyekuja kuibandua, kidole kimoja kimoja. Alipomaliza, alimtoa Hatsue nje, akamkalisha kwenye ngazi.

"Heshima si utumwa, Hatsue. Mngeandika tu jina zima, yakaisha."

"We umelelewa Osaka."

"Nimelelewa Osaka, ndiyo. Nimeandika Nunokawa Sadatsugu, herufi kubwa, na sijafa."

Hatsue alifuta machozi kwa bega. Alijua Sonoda amesema kweli, na alijua pia kwamba hata wangerudia uchaguzi kesho, akapewa penseli na mkono wa kwake mwenyewe, angeona haya.

Wiki iliyofuata halmashauri ililetewa fomu kutoka wizarani. Huduma isingehamishwa bila ridhaa ya wakazi, ilisema fomu, kwa sababu serikali mpya iliwajali sana wakazi. Bwana Inokuma aliweka meza ukumbini. Wazee walikuja wakiapa kwamba hawasaini kitu, wakapanga foleni, wakasaini. Mzee mmoja aling'ata kalamu asiiachie meno. Mkono wake ukachukua kalamu nyingine. Watu wasio na mstari walikuwa kumi na tisa, Sonoda akiwa mmoja wao, na wote walikataa. Wenye mstari walikuwa mia mbili na kumi na wawili. Inokuma alizidisha kwa sehemu zao, akapata watu mia moja thelathini na watano, nukta nane tisa mbili, walioridhia. Alirudia hesabu mara tatu akitumaini amekosea. Hakuwa amekosea.

"Ni wengi," alimwambia Hatsue, bila kumtazama. "Hata mamangu yumo."

"Na wewe?"

"Na mimi, mama."

Kituo kilifungwa tarehe ishirini na nane Desemba. Lori lilikuja kuchukua mashine, na wapakizi hawakuhitajika. Mikono ya Kamiusu ilizibeba yenyewe, ikazifunika kwa mablanketi ya nyumbani kwao, ikazifunga kamba ili zisigongane njiani. Hatsue alijikuta ameshika pembe ya mashine ya tatu. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Juu ya mablanketi wanawake walilia kwa sauti, na Eikichi, aliyeketi ukingoni na kofia yake, aliwaambia waipungie mkono, miaka sita si mchezo.

Tangu siku hiyo walianza safari za mjini. Saa kumi na moja alfajiri miguu ya Hatsue ilimwamsha, mikono ikawasha gari, na kwenye kona za mlima haikukosea hata gia moja. Yeye alisinzia juu ya usukani kwa usalama kabisa. Mjini mkono wa Eikichi ulitolewa bila kufungwa, sindano ikaingia, wauguzi wakamsifu kwa mishipa mizuri. Kwa foleni ya huko, walirudi giza limeingia. Eikichi alikuwa na saa nne na ushee za barabarani kila safari, mara tatu kwa wiki, na kile kilichosafishwa na mashine kilionekana kama kinarudishwa na kona.

"Mama," alisema siku moja wakiwa kileleni, "mkono wangu unafurahi. Mimi nimechoka."

"Na mimi nimechoka."

"Basi tumechoka sote wawili kutoka mbavuni kwenda juu."

Tarehe ishirini na moja Januari ilianguka theluji ya siku tano. Njia ya mlimani ilifungwa. Jumatano waliikosa mashine, Ijumaa wakaikosa. Hatsue alipiga simu ya dharura; wakamjibu kwa adabu kwamba gari halipiti na helikopta hairuki katika hali ile ya hewa. Sonoda alikuja kwa miguu, theluji ikiwa kiunoni, akamsikiliza Eikichi kifua, akampa alichokuwa nacho, ambacho hakikuwa mashine. Kile chumba chenye mashine nane kilikuwa hatua mia nne kutoka pale. Sasa kilihifadhi viti vya kukunja.

Uso wa Eikichi ulivimba. Maji yalipanda mapafuni, ikabidi alale ameketi. Mkono wake wa kushoto peke yake ndio uliokuwa hauna habari. Tangu Jumatano alfajiri ulikuwa umekunja mkono wa shati hadi kwenye kiwiko, ukajilaza juu ya blanketi, kiganja wazi, unasubiri kupelekwa mjini. Hatsue aliushusha ule mkono wa shati ili usipate baridi. Ukaukunja tena. Aliushusha, ukaukunja. Siku nne.

"Uache," Eikichi alimwambia Jumapili, baada ya chakula cha mchana ambacho hakukila. "Una imani yake."

"Mimi naukasirikia."

"Ukasirikie. Lakini usiupige." Alipumua mara mbili kwa shida. "Sadatsugu atakuja mazikoni, utaona. Hakosi yule."

Hatsue alishtuka. Hakuwahi kumsikia mumewe, wala mtu mwingine wa bondeni, akimwita mzee kwa jina hilo.

"Sadatsugu, Sadatsugu," Eikichi alisema, akijaribu lilivyo mdomoni. "Mbona jina jepesi tu."

Alikufa saa tisa alasiri. Njia ilifunguliwa Jumatatu.

Nunokawa mzee alikuja kweli, na koti lake jeusi la mazishi, akakaa nyuma kabisa. Nunokawa mdogo alituma maua na salamu za rambirambi zenye maneno mazuri. Mwili ulichomwa mjini, maana bondeni hakuna tanuri, na miguu ya wafiwa iliwapeleka huko bila kuchelewa.

Baada ya saa moja na nusu mhudumu alivuta bamba la tanuri, mifupa ikiwa juu yake, myeupe, bado ina joto. Watu walisogea wawili wawili na vijiti vya kuokotea. Mifupa huokotwa kuanzia miguuni kwenda kichwani, ili marehemu asikae ndani ya chungu kichwa chini, na mfupa wa shingo huokotwa mwisho, na aliye wa karibu naye kuliko wote. Hatsue alianza. Mikono yake iliokota vidole vya miguu, visigino, miundi, magoti, kwa makini makubwa, haikuangusha hata kipande. Iliokota nyonga. Iliokota mfupa wa mkono wa kushoto, ikauweka polepole kuliko mingine yote. Ilipofika mbavuni ikalaza vijiti juu ya bamba na kushikana mbele ya vazi lake.

Hatsue aliivuta. Aliinama, akainyanyua kwa mabega, ikaning'inia. Majirani waliokuwa nyuma yake walishika vijiti wakajaribu, na mikono yao nayo ikaishia palepale.

Mhudumu hakushangaa. Tangu Januari alikuwa ameshapokea watu watatu kutoka Kamiusu.

"Nani hapa aliandika jina zima?" aliuliza.

Wafiwa walitazama sakafu. Mhudumu alimgeukia Nunokawa mzee, kwa kuwa angalau yeye, mwenye jina, ilikuwa halali kumtazamia kwamba aliliandika lote. Mzee alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Niliona haya," alisema. "Kujiandika mwenyewe, jina lote..." Akafungua kifungo kimoja cha koti, kana kwamba mtu amemtaka athibitishe, kisha akakifunga.

Sonoda alijipenyeza kutoka nyuma, akisukuma watu bila kuomba radhi. Alichukua vijiti vya Hatsue. Mhudumu mwenyewe, mtu wa jimbo jingine, akashika vya pili. Waliokota mbavu, wakaokota mabega, wakaenda juu. Hatsue alisimama kando, mikono yake imetulia mbele yake, akatazama muuguzi wa Osaka akiufikia ule mfupa wa mwisho, ambao ulikuwa wa kuokotwa na yeye.

"Taratibu hapo, Sonoda," alisema. "Shingoni alikuwa anatekenyeka."